Moto Uliotoka Kitabuni

Jumatatu, 16 Septemba

Nadia, ukicheka tena nikisoma kwa kidole, nitakunyang'anya hicho kitabu na simu pia. Mimi nilisoma miaka mitatu tu, lakini nilisoma na njaa tumboni. Wewe umeshiba na bado unasoma kama mtu anayetafuna mchanga. Nyamaza, soma. Hivyo ndivyo nilivyomwambia leo.

Kitabu ni cha lise, shule yake ya sekondari, wamempa mjukuu wangu kwa somo la Kiswahili. Riwaya. Mzee mmoja wa Tanzania, bara kabisa, analima na kusema peke yake. Kila mstari Nadia ananigeukia: Bibi, biwi ni nini? Bibi, dungu ni nini? Nikamuuliza mwalimu wake analipwa kwa kazi gani. Hapa naandika ukweli kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka: sijui. Mimi ni mtu wa Rumonge mujini. Kiswahili changu ni cha sokoni na cha msikitini. Nimeuza mikeke, samaki wa ziwa letu, maisha yangu yote, jembe sikulishika.

Sasa nitalishika. Ziwa lilipanda mwezi wa nne, likaingia sebuleni, likakaa kama limelipa kodi. Tumehamia Kizuka, kwenye shamba aliloacha marehemu mume wangu: nyumba ya vyumba viwili, michikichi michache iliyozeeka, nyasi mpaka kifuani. Mwanangu Abdul, wa Buyenzi, ametoa hukumu. Msimu mmoja. Nikivuna chakula cha kututosha mimi na Nadia mpaka mavuno ya pili, nabaki. Nisipovuna, anauza shamba, naenda kukaa kwake Bujumbura na kupikiwa na mke wake.

Mke wake anatia sukari kwenye maharage. Sisemi zaidi.

Jumatano, 18 Septemba

Jirani wa mpakani anaitwa Kankindi. Mama Yonasi. Ni katika wale waliorudi: alikimbizwa Tanzania akiwa mutoto wa miaka mitano, akakulia huko kambini, akarudi mama wa watu. Kila mtu anamwamkia shikamoo, hata mbuzi nadhani. Mjane kama mimi. Anacheka kwa sauti ya mtu anayeita feri.

Leo alisimama nyuma ya miyenzi, hiyo miti ya mpaka, akanitazama nikitazama nyasi.

"Shikamoo, mama Abdul. Kulima unajua?"

"Najua."

"Utaanzia wapi?"

"Mwanzo."

Akacheka. Nikaingia ndani.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimeamua. Sitamuuliza mtu kitu. Mzee wa kitabuni anaeleza kila hatua na hanicheki. Nadia atasoma mchana akitoka shule, nami nitafanya.

Jumapili, 22 Septemba

Tumejifunza leo. Kufyeka ni kukata majani yote na vichaka. Biwi ni chungu ya majani hayo uliyoyakusanya shambani yakauke. Ngwe ni kipande cha mtu mmoja kulima kwa siku. Dungu ni kitanda cha miti kilichoinuliwa juu, mtoto anakaa pale kufukuza ndege. Maneno mazuri, mtu anayaona. Lakini huyo mwandishi ana ugonjwa wa kufananisha. Ardhi "imefumba kinywa." Mvua "ilichungulia kama mkwe mlangoni, ikaona haya, ikaondoka." Nikamwambia Nadia, mvua haina macho. Inanyesha au hainyeshi.

Nadia akasema, "Bibi, ni tamathali."

Nikasema nenda kachote maji.

Jumanne, 24 Septemba

Nimefyeka. Mgongo.

Alhamisi, 26 Septemba

Mabiwi saba. Kankindi aliyatazama akauliza, "Haya ya nini?" Nikamwambia angoje aone.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika mikono bado inanuka moshi, na nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Kitabuni mzee anachoma mabiwi yake mwisho wa kiangazi, halafu anapanda kwenye jivu. Kuna kurasa nne nzima za moto tu, moto "unaolamba na kushukuru." Nadia alizisoma jana nikaona kazi ni rahisi. Leo baada ya adhuhuri nikawasha la kwanza. Likawaka vizuri. Nikawasha la pili. Nikasimama nimeshika kiuno, nikijiona mkulima.

Upepo ukatoka ziwani. Huo upepo naujua tangu nizaliwe, kila siku saa hizo unapanda kuja nchi kavu, nimekausha ndagala, dagaa wetu, kwa upepo huo. Lakini nilikuwa nafuata mzee wa kitabuni, na kule kwake ziwa hakuna. Biwi la tatu liliwaka bila kiberiti. Nyasi nilizoziacha kando ya mpaka zikashika. Miyenzi ikalia kama mafuta kwenye karai. Moto ukavuka kwa Kankindi.

Nilipiga kelele. Watu walikuja mbio na matawi ya migomba, wanapiga, wanakohoa. Nadia alikuja na ndoo moja ya maji ya kunywa. Kankindi alipiga moto kwa kitenge chake mwenyewe, amebaki na sketi ya ndani mbele ya wanaume, hakujali. Ulipozimika, michikichi yake mitatu michanga, iliyokuwa inazaa mara ya kwanza mwaka huu, ilikuwa imesimama na nywele zimeungua. Chikichi zake bado kijani. Hazitaiva tena.

Hakulia. Alishika tawi moja, likamkatikia mkononi.

"Mama Abdul, nani alikuambia uchome?"

"Ni upepo," nikasema.

"Nimeuliza nani alikuambia uchome."

"Upepo ndio ulileta."

Shefu wa kilima, mkuu wa kijiji chetu, alifika jioni. Mtu mpole, ana kofia ya mvua hata kiangazi. Akatusikiliza wote wawili, akasema hataandika kitu, sisi ni wajane na ni majirani. Lakini akasema hivi: huku ugomvi wa mpakani unaisha siku mtakayokunywa pamoja mbele ya watu. Mpaka siku hiyo jambo liko wazi.

"Mimi nitakunywa," Kankindi akasema, "akisema kwa kinywa chake: niliunguza."

Nikasema tena upepo. Shefu akavaa kofia yake akaenda.

Jumapili, 29 Septemba

Sikula. Si huzuni. Sikuwa na njaa tu.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimemwamuru Nadia asome mbele, atafute kama kuna mahali mzee huyo anamkosea mtu. Pako, anakosea sana. Mbuzi wake wanamaliza mtama wa jirani. Basi anafanya hivi: alfajiri anabeba jembe lake, chuma kimemgeukia yeye mwenyewe, mpini umeelekea mbele. Analilaza kwenye mlango wa aliyemkosea, anasimama. Hasemi neno mpaka aambiwe keti. Jirani akilipokea jembe, amemsamehe.

Hilo naliweza. Halina kusema.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimekwenda. Jembe limenigeukia, kama kitabu. Nikalilaza mlangoni kwa Kankindi, nikasimama.

Alitoka na mswaki mdomoni. Akatazama jembe, akanitazama.

"Mama Abdul. Umekuja kunilima mimi sasa?"

Nikanyamaza.

"Nini? Nani amekufa?"

Nikanyamaza.

Akatema povu, akapiga kelele kupita miyenzi: "Nadia! Nadia we! Njoo uone bibi yako, hasemi! Tangu ahamie hapa sijamwona amefunga kinywa, huyu amepigwa na kitu!"

Nadia alikuja anakimbia na sare ya shule imefungwa nusu. Aliponiona alielewa, akaanza kueleza: kitabu, mzee, mbuzi, jembe. Kankindi alisikiliza mdomo wazi. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi bado nimesimama kwa sababu hakuna aliyeniambia keti.

"Na moto je? Moto nao ulitoka kitabuni?"

Nadia akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama mgomba.

"Kilete," Kankindi akasema.

Alikisoma amesimama. Anasoma haraka, alisoma darasa saba kule. Nilingoja acheke tena. Alifika kwenye dungu akaacha kucheka. Akarudia neno lile mara mbili. Akasema alikuwa na dungu lake, baba yake alilijenga kwenye mtama, alikaa humo na kopo na mawe ndani yake, anatikisa, anaamia ndege. Kuamia. Hajalisikia neno hilo tangu avuke mpaka kurudi, alidhani limebaki huko pamoja na nyumba.

Kisha akanifungia kitabu usoni.

"Sikiliza, mama Abdul. Kitabu hiki hakidanganyi, lakini kinalima kule. Kule ardhi ni kubwa, mtu anachoma, akichoka nayo anahamia mbele. Huku wewe ukichoma utahamia wapi? Kwangu?"

Nikasema mbona hujaniambia keti.

Hukumu yake ni hii. Nitalima kwake kila Jumatatu na Alhamisi, ndiyo malipo ya michikichi. Humo humo nitaona mikono yake inafanya nini, nikafanye kwangu siku nyingine. Jumapili akitoka kanisani, Nadia atatusomea. Kunywa, bado. Tutakunywa mavuno yakiingia, na siku hiyo nitasema lile neno.

Jembe aliliingiza ndani mwake. Limebaki huko, na mimi ninalo hilo moja tu. Nitalima na jembe langu mwenyewe kwa ruhusa yake.

Jumatatu, 7 Oktoba

Ananiambia nashika mpini kama nashika mkia wa samaki. Nilimwambia samaki wangu walimlisha mtu mpaka Gitega.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua ya kwanza. Tumepanda mahindi na maharage, mstari kwa mstari, kwake kisha kwangu.

Jumapili, 20 Oktoba

Tulisomewa tukichambua mkungu wa chikichi, watu wawili na visu, Nadia juu ya kinu kilichopinduliwa. Kankindi anamkatiza mwandishi. "Hapana, mtama hauvunwi hivyo, muongo huyu. Endelea." Kuna mahali mzee anasema jembe lake limekuwa jepesi, kumbe ni mkono wake unaokonda. Nadia akataka kueleza. Kankindi akamwambia wacha, hilo halielezwi.

Nilikuwa nimeelewa.

Jumanne, 5 Novemba

Palizi. Magugu hayana aibu.

Jumanne, 19 Novemba

Abdul alipiga simu. "Mama, unaendeleaje?" Nikamwambia mahindi yamefika kiunoni. Akauliza kiuno cha nani. Mtoto huyu nilimlea mwenyewe, sina wa kulaumu.

Akasema pia iko mtu, Hamidou, anafanya biashara ya mawese, anauliza mashamba ya Kizuka. Nikamwambia msimu haujaisha. Akasema ni kweli, haujaisha.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua siku zote hizi. Kitenge hakikauki. Nadia ana kikohozi.

Jumapili, 8 Desemba

Hakuna kusoma. Tulikuwa tunachimba mifereji. Kankindi alikuja kwangu bila kuitwa, na majembe mawili, lake na lile langu. Maharage yamelala kwenye maji. Nilimwuliza kwa nini ameacha ya kwake. Akasema shamba lake liko juu ya mteremko, maji yake yote yananishukia mimi. "Nakudai mikono, mama Abdul. Ukifa na njaa nitamdai nani?"

Jumamosi, 14 Desemba

Nimefungua ganda la maharage. Ndani peusi.

Nimefungua lingine.

Ijumaa, 27 Desemba

Nusu ya maharage imeoza. Nadia alitaka kunifariji, akanisomea pale mzee anaposema shamba lilimgeuzia kisogo. Nilimwambia shamba halina kisogo, lina maji mengi, na mfereji ulichelewa siku kumi kwa sababu sikuuliza. Akaniangalia kama nimesema jambo la ajabu.

Jumatano, 8 Januari

Tunavuna. Nimejifunza kupura maharage kwa fimbo na kuyapeta kwenye ungo. Kupeta naweza kuliko Kankindi, mkono wa kuchagua ndagala ni huo huo. Alikiri mwenyewe. Nimemfanya arudie.

Jumamosi, 18 Januari

Yote yako ndani. Mahindi gunia moja na kitu. Maharage madebe mawili. Nilikaa nikayatazama. Hayatufikishi mavuno ya pili, hata Nadia akila kama ndege. Nilimwambia Kankindi.

"Basi utakwenda Buyenzi," akasema.

"Nilitoa ahadi."

"Na kitabu hatujakimaliza."

Niliogopa angesema kitu kingine. Akasema hicho tu. Tumekubaliana Jumamosi ijayo tunywe, tumalize jambo letu kabla sijaondoka. Pombe sinunui, mimi ni Muislamu. Nimesema nitaleta Fanta.

Jumamosi, 25 Januari

Nilinunua Fanta sita, za machungwa. Nadia alizipanga mezani nje, na bilauri. Nilivaa vizuri. Shefu wa kilima alikuja na kofia yake, na jirani wa chini na mke wake, wawe mashahidi. Kankindi alikuja na jembe langu amelisugua linang'aa, anirudishie. Nilikuwa nimelirudia neno lile asubuhi yote mbele ya kuku. Niliunguza. Linakwama kama mwiba wa samaki, lakini lilikuwa limeanza kutoka.

Pikipiki mbili zikapanda. Abdul na mtu mnene wa shati jeupe. Hamidou.

"Mama, tumepita tu," Abdul akasema. Waongo wote husema wamepita tu. Aliingia ndani, akatazama gunia na madebe, akatoka. Hakuniringia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama, hii si ya kufika mwezi wa sita. Unajua."

"Najua."

"Chumba chako kiko tayari."

Hamidou alikuwa ameshazunguka shamba, anapima kwa miguu. Akafika kwenye mpaka, akaona michikichi mitatu imekauka. Huyu ni mfanyabiashara wa huku huku, anajua shamba linanunuliwa na mpaka wake, na jirani lazima atie saini. Akauliza kwa adabu: "Mama, samahani. Mpaka huu hauna maneno?"

Kankindi alitazama chupa mezani. Hazijafunguliwa. Akanitazama mimi, muda mrefu, na jembe bado mkononi mwake.

"Una maneno," akasema. "Huyu mama aliniunguzia michikichi mwezi wa tisa. Ananilimia kulipa, hajamaliza. Hatujanywa. Shefu yupo, muulize. Mimi sitii saini ya mtu."

Shefu akasema ni kweli, jambo liko wazi.

Abdul akanigeukia. "Mama, si uliniambia ni upepo?"

Ilikuwa rahisi. Ningesema upepo, Hamidou angecheka, hakuna anayeushtaki upepo. Watu wote wale walikuwa wananitazama, na jirani wa chini ni mtu wa kusambaza habari mpaka Kigwena kabla ya magharibi. Mimi, niitwaye Sikujua, niliyeuza samaki miaka yote hiyo sokoni na hakuna aliyesema nimempunja.

"Niliunguza," nikasema. "Mimi, kwa kiberiti changu. Upepo ulikuwa unapita njia yake ya kila siku. Nilichoma kwa sababu sikutaka kumuuliza huyu jirani. Na kazi yake sijaimaliza, namdai bado, mtu asinikatize."

"Ninakudai mimi," Kankindi akanisahihisha.

"Ananidai yeye."

Hamidou akapangusa viatu kwenye nyasi. "Abdul, rafiki yangu, mimi nanunua shamba, sinunui ugomvi. Rumonge hii tumeona ugomvi wa mashamba wa kututosha. Mukishakunywa, uniite."

"Si mnywe sasa hivi!" Abdul akapaza sauti. "Fanta hizi hapa! Na Mama amekiri, mmesikia wote. Nadia, fungua!"

Nadia alishika kifungulio. Kankindi akavuta kiti, akaketi, akaweka jembe langu mapajani.

"Sina kiu," akasema.

Abdul alimgeukia shefu. Shefu akasema mtu halazimishwi kunywa, hakuna sheria hiyo hata kwa wazungu.

Mwanangu alisimama hapo. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani, cha baba yake. "Na utakula nini, Mama, mpaka huo mwezi wa sita?"

"Jumatatu na Alhamisi atakula kwangu," Kankindi akasema. "Mfanyakazi analishwa."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine," nikamwambia Abdul, "utaniletea wewe mchele. Nilikuzaa wa nini?"

Hamidou alienda zake. Abdul alikula mahindi ya kuchoma, akaondoka. Hakusema msimu mwingine, hakusema hapana.

Kankindi alirudi kwake na jembe langu.

Jumapili, 26 Januari

Mvua ilichungulia asubuhi kama mkwe. Haikuona haya. Iliingia.

Nadia, najua unasoma humu, kwa hiyo sikiliza. Chupa sita zile ziweke chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku. Zisifunguliwe. Akija mgeni, mpe maji. Akija Abdul, mpe maji. Kitabu, mwambie mwalimu wako kinabaki mpaka maharage ya pili yaingie ardhini. Akikataa aje hapa aniambie mwenyewe. Na kesho ukiamka pita kwa mama Yonasi, umwamkie shikamoo vizuri, umwambie nakuja, anitolee jembe nje.